Sura ya Sita: Karatasi Chini ya Godoro

Siku ya tatu baada ya maziko, watu wakianza kupungua uani na moto wa matanga ukibaki makaa, mjane huingia chumbani peke yake, akainua godoro na kutoa mfuko wa plastiki. Nimeuona mfuko huo katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, na vilivyomo havitofautiani sana. Kuna kadi ya uchaguzi ya marehemu, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Kuna hati ya mauziano ya parseli, imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya mistari, na chini yake alama mbili za dole gumba, ya muuzaji na ya shahidi. Kuna fiche parcellaire, yaani hati ya kiwanja ya komini, imekunjwa mara nne hata wino umefutika kwenye mikunjo. Kuna kadi za ubatizo za watoto, risiti za shule, na daftari lenye majina na tarakimu: huyu dola 300, yule dola 1,150, mwingine jina tu bila tarakimu.

Wakati huohuo, nje, chini ya turubai, mtu ameshauliza ni nani atakayeshika funguo za duka.

Watu wengi wanadhani urithi huanza siku mnapoitwa mahakamani. Kwa niliyoyaona, ukifika mahakamani mambo mengi yameshaamuliwa, na yaliamuliwa katika zile wiki za kwanza, wakati kila mtu alikuwa amechoka na kulia. Familia zinazovunjika si kwamba zilikosa sheria. Sheria ipo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyoambiwa. Zinavunjika kwa sababu hakuna aliyeandika chochote mapema, na lile lililojulikana na kila mtu siku ya maziko likageuka kuwa ubishi baada ya miezi sita.

Hesabu ya sheria

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayofichwa zaidi. Urithi nchini Kongo unaongozwa na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Sheria hiyo inawapanga warithi katika makundi. Kundi la kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua rasmi akiwa hai, na waliopangwa, yaani kuchukuliwa kuwa wana kwa njia ya sheria. Kundi la pili lina matawi matatu: mume au mke aliyebaki, baba na mama wa marehemu, kaka na dada zake. Kundi la tatu ni wajomba, baba wakubwa na wadogo, na mashangazi, na hawa hawaitwi ikiwa walio mbele yao wapo.

Watoto wanapata robo tatu ya urithi, nao wanagawana sawa. Sheria haimtofautishi wa kike na wa kiume, wala mkubwa na mdogo. Mtoto aliyekufa kabla ya mzazi wake na kuacha watoto, fungu lake huenda kwa watoto hao. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: kila tawi linapata moja ya kumi na mbili ya urithi wote. Kama tawi moja halina mtu, mathalani wazazi wa marehemu walishakufa, basi matawi mawili yaliyobaki yanapata moja ya nane kila moja. Na mtu hawezi kuandika wasia unaoligusa fungu la watoto.

Lakini kabla ya kugawa chochote kuna hatua ambayo baba wadogo wengi huiruka, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Ni lazima kwanza kutenganisha mali ya marehemu na mali ya mjane. Mume na mke wasipochagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba walichochuma pamoja ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Kwa hiyo nusu ya kile walichochuma haiingii kwenye urithi hata kidogo. Mjane harithi nusu ile. Ni yake tangu zamani.

Tutie mfano. Tuseme mume na mke walijenga nyumba mtaa wa Furu, mjini Butembo, na wakanunua shamba la kakao upande wa Mangina, vyote baada ya kuoana, na vyote pamoja thamani yake ni dola 24,000. Mume anakufa, anaacha mke, watoto wanne, mama yake mzazi, na kaka zake watatu. Dola 12,000 ni za mjane kabla ya kikao chochote. Urithi ni dola 12,000 zilizobaki. Watoto wanne wanapata 9,000, kila mmoja 2,250, binti sawa na kaka yake. Mjane anaongezewa 1,000. Mama wa marehemu anapata 1,000. Wale kaka watatu wanapata 1,000, wagawane wao.

Isome tena hesabu hiyo polepole, kisha ukumbuke vikao ulivyohudhuria. Wale watatu ndio mara nyingi wanaokaa mbele, wanaozungumza kwanza, wanaoomba funguo. Sheria inawapa dola 1,000 kati ya 24,000, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe na kutumia vyombo vilivyomo. Sijawahi kuona kikao kilichobadilika upesi kama pale mtu mmoja mtulivu, mara nyingi mwalimu au katekista, anapotoa karatasi na kuandika tarakimu hizi mbele ya wote. Hakuna anayepiga kelele kwa muda. Watu wanahesabu.

Mbuzi walitolewa, lakini

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya neno moja: mke. Kwetu Wanande ndoa inafungwa kwa mbuzi. Wazee wamekaa, mbuzi wametolewa, binti amesindikizwa, na toka siku hiyo hakuna jirani anayeuliza kama yeye ni mke au si mke. Sheria inaikubali ndoa hiyo ya kifamilia, ila inataka iandikishwe kwa afisa wa eta sivili wa komini, yaani msajili wa ndoa, vizazi na vifo. Maelfu ya ndoa zetu hazijaandikishwa. Wengine wana cheti cha kanisa, cha dayosisi ya Butembo-Beni au cha kanisa la Kibaptisti la CBCA, nao wanaamini kinatosha. Kanisa ni kanisa. Komini ni komini.

Mume akiwa hai, tofauti hiyo haionekani. Akifa, inakuwa mlango ambao yeyote asiyemtakia mjane mema anaweza kupitia. Anasema tu: "Onyesheni karatasi." Mwanamke aliyezaa watoto sita na kulima kilima kizima anaanza kutafuta mashahidi wa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Inawezekana kushinda, kwa mashahidi wa mbuzi, kwa cheti cha kanisa, kwa picha. Lakini ni miezi, ni fedha, na ni aibu ambayo hakustahili.

Kwa watoto wa nje neno ni lilelile. Sheria ya Kongo inasema wazi kwamba kila mtoto lazima awe na baba, na inamtaka baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa amtambue mbele ya eta sivili. Aliyetambuliwa anarithi sawa na wa ndani, fungu kwa fungu. Asiyetambuliwa anakuja kwenye matanga na mama yake, amesimama karibu na lango, sura yake ni sura ya marehemu kabisa, na hana la kuonyesha. Ninawaomba akina baba wanaosoma ukurasa huu wasipite hapa haraka. Mtoto huyo mnamjua. Mnamlipia shule kwa siri. Siri hiyo mkifa itamgeuza kuwa mgeni.

Kuna jambo la majina pia, na mtu wa mbali hawezi kulielewa. Majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa: Paluku au Mumbere ni wa kwanza wa kiume, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Masika ni binti wa kwanza. Hesabu inafuata tumbo la mama. Mwanaume mwenye wake wawili anaweza kuwa na Kambale wawili katika boma moja, na mji mzima una Kambale wasiohesabika. Karani anaposoma kwamba parseli ni ya Kambale fulani, na kadi ya uchaguzi ina jina la pili lililoandikwa kwa herufi tofauti, na hati ya mauziano ina jina la ubatizo peke yake, anaweza kulirudisha faili lenu kwa haki kabisa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya na ule mfuko wa chini ya godoro ni kuweka karatasi zote mezani na kulinganisha majina, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, tafuteni mapema hati ya kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule. Msisubiri karani awaambie.

Kikao, na yule anayeitwa likidateri

Baraza la familia ni letu tangu zamani. Wazee walikaa kwenye kyaghanda, mahali pao pa kukutania, wakazungumza hadi wakaelewana. Sheria ya kisasa haikulifuta baraza hilo, inalihitaji. Kinachobadilika ni kwamba siku hizi baraza lazima litoke na PV, muhtasari ulioandikwa na kutiwa saini, ukitaja tarehe, waliokuwapo, majina ya warithi wote, orodha ya mali, orodha ya madeni, na nani aliyechaguliwa kusimamia.

Huyo msimamizi ndiye watu wa hapa wanamwita likidateri. Kama marehemu aliacha wasia uliomtaja, ni huyo. Kama hakuna wasia, sheria inampa kazi mrithi mkubwa kwa umri, na yeye akikataa, yule ambaye warithi wanamchagua. Angalieni neno "mrithi". Paluku, mtoto wa kwanza, akiwa mtu mzima, naye ni mrithi na anaweza kuibeba kazi hiyo. Si kwamba baba mdogo anadharauliwa. Aketi, ashauri, asikilizwe kwa heshima yake yote. Ila funguo si zake kwa sababu tu yeye ni ndugu wa marehemu. Na Masika akiwa ndiye mkubwa, sheria inamwona yeye.

Mahakama inaingia hapo ili kumthibitisha likidateri. Kwa urithi wa kawaida familia huenda Mahakama ya Amani, Tripaix. Urithi mkubwa unakwenda Mahakama Kuu, ile ya grande instance. Butembo ina zake na Beni ina zake, na urithi unafunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake, si pale alipofia. Aliyekuwa akiishi Butembo akafia hospitalini Kampala, urithi wake ni wa Butembo. Ikiwa warithi hawaelewani kabisa, hakimu anaweza kumteua mtu mwingine. Hapo nawashauri kwa moyo wote: mkiona kikao cha tatu kinakwisha kwa kugonga meza, msifanye cha nne. Nendeni mkaombe mtu wa nje. Ni ghali, lakini nimeona ugomvi uliogharimu zaidi.

Likidateri hapati mali kwa kuwa likidateri. Kazi yake ni kuwajua warithi wote, kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kutoa hesabu kwa warithi. Mkimchagua, mpeni daftari siku hiyohiyo, na mkubaliane ni lini ataleta hesabu ya kwanza. Aliyekubali kazi bila daftari hajaelewa kazi.

Juu ya fedha za ofisi nitasema machache. Malipo ya serikali yana note de perception, yaani hati ya kutoza, na yanalipwa benki, kisha unabaki na risiti. Anayekuomba mkononi bila karatasi, mwombe akuandikie ni ya nini. Avoka, yaani wakili, naye aandike bei yake kabla ya kuanza.

Kifo kisichokuwa na karatasi

Hakuna ofisi itakayofungua faili bila hati ya kifo. Hospitali inatoa cheti, mnakwenda nacho eta sivili, mnaandikisha. Mkichelewa kupita muda wa sheria, itabidi mahakama itoe hukumu ya kuziba pengo hilo. Kwa aliyefia kitandani, hospitalini, ni kazi ya asubuhi moja.

Sisi hatufi hivyo wote. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikaenea Beni, ikafika Butembo na Katwa, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287 kati ya 3,470 walioambukizwa. Wafu walizikwa na vikosi vyenye mavazi meupe, familia ikiwa imesimama mbali. Magodoro yalichomwa. Nataka msomaji aufikirie ukweli huo pamoja na ule nilioanza nao: mahali ambapo watu wetu huweka karatasi ni chini ya godoro. Vituo vya matibabu viliandika majina ya wagonjwa na wafu. Familia nyingi hazikwenda kuchukua cheti kwa woga au kwa hasira. Lakini hati ya mauziano iliyoteketea haina nakala popote, isipokuwa kwa muuzaji, kama yu hai, na kwenye vitabu vya mtaa na komini, kama vilitunzwa.

Kisha kuna mauaji. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji visivyojulikana na wa mbali wamekatwa mapanga mashambani mwao, na wengine wamechukuliwa porini na waasi wa ADF, hawakurudi wala miili yao haikuonekana. Mke wa mtu kama huyo hajui ajiite nani. Akivaa nguo za msiba, mama mkwe analia kwamba anamwua mwanawe. Asipovaa, shamba la kakao linavunwa na wengine kila msimu naye hana neno la kisheria la kusema. Sheria ya Familia imemfikiria mtu huyu. Inaruhusu mahakama kutangaza kifo kwa hukumu pale mtu alipopotea katika hali inayoonyesha wazi kwamba alikufa, hata bila mwili. Na kwa yule ambaye hakuna anayejua yuko wapi, kuna utaratibu wake wa mtu asiyekuwepo, wenye muda mrefu zaidi wa kusubiri na mtu wa kuangalia mali yake. Mashahidi ni wale waliokuwa naye shambani siku ile. Wakiwa wametawanyika, mmoja kambini, mwingine Butembo, mwingine Uganda, ushahidi wao unatawanyika pia. Kwa hiyo waandikeni. Chukueni maelezo ya kila mmoja, tarehe, mahali, saini, hata kama hamko tayari kwenda mahakamani mwaka huu. Kuandika si kumzika.

Ardhi ya mji na ardhi ya kilima

Mali kubwa ya mtu wa Butembo, akishatoa duka, ni parseli. Na hapa ndipo nimeona machozi mengi zaidi, kwa sababu watu wanashika karatasi wasiyoijua nguvu yake.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa kwa certificat d'enregistrement, ndiyo sertifika, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Hati ya mauziano na fiche parcellaire zinaonyesha kwamba mlinunua na kwamba komini inawajua. Zitunzeni kama mboni ya jicho, lakini si sertifika. Wengi wanafariki wakiwa nazo hizo mbili tu, na warithi wanaanza pale baba alipoishia.

Kama sertifika ipo, bado ina jina la marehemu. Kulibadilisha kuna hatua yake peke yake: Mahakama Kuu ya mahali ilipo ardhi inatoa amri inayoitwa ordonnance d'investiture, inayowatambua warithi juu ya ardhi hiyo, ndipo konservateri aandike majina mapya. Marehemu akiwa na parseli Butembo na nyingine Beni, faili ni mbili. Na kuna kifungu kimoja katika sheria hiyo ambacho natamani kila mjane akijue: sertifika ikishatimiza miaka miwili tangu itolewe, haiwezi tena kushambuliwa. Kwa maneno mengine, shemeji akienda kimya kimya kujiandikishia parseli kwa karatasi za kughushi, kila mwezi unaopita bila nyinyi kusema ni mwezi wake. Mkihisi jambo kama hilo, pelekeni pingamizi kwa maandishi kwa konservateri, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kulalamika kwa majirani hakusimamishi kalamu ya mtu.

Kilimani mambo ni tofauti. Shamba la kahawa, la mikaratusi au la kakao mara nyingi halina sertifika. Lina mwenye ardhi wa kimila, na familia imekuwa ikimtolea muhako, mbuzi au sehemu ya mavuno, tangu enzi za babu. Huko mrithi anatambuliwa kwa kwenda kujionyesha, kupeleka muhako, na kupita mipakani na majirani. Katiba ya 2006 inaitambua mamlaka ya kimila mradi isipingane na sheria. Kwa hiyo nendeni kwa chifu, tena nendeni mapema, ila mwombeni naye aandike. Na mkipita mipakani, mpeleke binti zenu pia, wauone mti wa mpaka kwa macho yao. Mila ya zamani ilimwacha binti kando kwa kuwa ataolewa kwingine. Sheria ya leo inampa fungu, na binti asiyeujua mpaka hawezi kulitetea fungu lake hata akipewa karatasi kumi.

Daftari na simu

Butembo ulijengwa kwa kuaminiana. Wafanyabiashara wanachangia kontena kutoka Guangzhou au Dubai, mmoja anasafiri kwa niaba ya watano, mali inagawanywa ikifika, na mara nyingi karatasi pekee ni daftari. Mwenye daftari akifa, fedha zake ziko mikononi mwa watu, na fedha za watu ziko mikononi mwake. Madeni yanalipwa kabla ya mgao. Hilo ni la sheria na ni la dini pia. Kwenye matanga, kuna desturi nzuri ya kusimama na kusema: anayemdai marehemu aje, na anayedaiwa naye aje. Fanyeni hivyo, lakini siku inayofuata kaeni na daftari na mwandike waliokuja, kiasi gani, kwa ushahidi gani. Wanaodai huja mbio. Wanaodaiwa mnawafuata nyinyi, kwa upole, mkiwa wawili, na mnaomba watie saini tu kwanza; fedha zitakuja baadaye.

Simu ya marehemu msiwape vijana waifungue. M-Pesa na Airtel Money ni mali kama sanduku la fedha, na aliyejua nambari ya siri akitoa fedha usiku wa matanga amechukua urithi wa watoto, hata kama alinunulia sukari ya wageni. Mpeni likidateri simu imezimwa, na mwandike siku mliyompa. Kwa benki na ushirika wa akiba ni vivyo hivyo: toeni taarifa ya kifo kwa barua, akaunti isimame, kisha mrudi na PV, hati ya kifo na uamuzi wa mahakama.

Vita vinachelewesha yote haya. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu limekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kesi za jinai zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Watu wengi walidhani basi hakuna mahakama tena. Urithi si jinai, nao ulibaki kwa mahakimu wa kiraia. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, makao ya utawala wa jimbo yalihamia Beni, na familia zenye nyumba au akaunti Goma zikajikuta na urithi uliogawanywa na mstari wa mbele. Kwa hao sina la kuwafariji ila hili: fanyeni ya upande huu sasa, na ya Goma yaandikeni kwenye PV kwa ukamilifu, kila parseli na kila akaunti, ili siku barabara ikifunguka msianze upya, na asiwepo wa kusema hayakuwepo.

Faili lisilo na ubishi, likidateri akithibitishwa, linaweza kwenda haraka kuliko mnavyoogopa. Lenye ubishi linakula miaka. Nimewajua watoto walioanza kesi wakiwa shule ya msingi na kuimaliza wakiwa na watoto wao. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 ana mlezi anayemwakilisha. Mlezi huyo hawezi kuiuza parseli ya mtoto kwa mapenzi yake peke yake. Mnunuzi wa Butembo anayejali fedha zake huuliza jambo hilo kabla ya kuhesabu noti.

Msomaji ambaye hajafiwa, kazi yako ni fupi. Kesho toa ule mfuko chini ya godoro. Piga picha ya kila karatasi, nakala moja abaki nayo dada yako au paroko. Andika kwa mkono wako orodha ya parseli zako, wanaokudai na unaowadai, utie tarehe na saini, na umwonyeshe mke wako ilipo. Na kama ndoa yenu ilifungwa kwa mbuzi tu, ofisi ya eta sivili ya komini yenu iko wazi Jumatatu asubuhi. Nendeni wawili.